Uvira: Asilimia 2 inayopotea chini ya fakture

Chini ya baadhi ya fakture zinazofika Uvira kutoka kwa wauzaji wa jumla, karibu na muhuri, kuna mstari mdogo ambao wengi hawausomi. Mara umeandikwa kwa Kifaransa cha wahasibu: «escompte 2 % sous 10 jours, net 30 jours». Mara ni alama fupi tu: 2/10, net 30. Maana yake si ngumu. Anayelipa ndani ya siku 10 anapunguziwa asilimia 2 ya bei. Asiyeweza, alipe yote mbele ya siku 30 kuisha.

Jambo lenyewe si geni sokoni. Kwa Maendeleo na kwa Mulongwe, mwenye depo amekuwa akimwambia mama wa duka tangu zamani kwamba akileta makuta mbele ya Jumamosi atatolewa kitu. Kipya ni kwamba maduka ya vifaa vya ujenzi, famasi na depo za vyakula zinaanza kuweka vitabu vyao ndani ya komputa, katika programu za uhasibu ambazo wengi huku wanaziita lojisieli. Na humo ndani ndimo punguzo linapopotelea. Haliandikwi kabisa, au linaandikwa vibaya, au linaingia mfukoni mwa mtu ambaye si mwenye duka.

Chukua mfano wa depo ya vifaa vya ujenzi iliyopokea mabati na misumari ya dola 5,000. Fakture ni ya tarehe 3 Machi, masharti ni 2/10, net 30. Akilipa mpaka tarehe 13 Machi, mwenye depo anatoa dola 4,900. Akingoja, analipa dola 5,000 kufikia tarehe 2 Aprili. Dola 100 mbele ya 5,000 inaonekana kitu kidogo, ndiyo maana wengi wanaiacha ipite.

Lakini hesabu ya kweli si 100 juu ya 5,000. Anayengoja anabaki na dola 4,900 za muuzaji kwa siku 20 zaidi, na kwa siku hizo 20 analipa dola 100. Hiyo ni asilimia 2.04. Ukiipeleka kwa mwezi, ni kama asilimia 3. Kwa mwaka inazidi asilimia 37. Hakuna benki inayomlipa mwenye akiba kiasi hicho. Depo inayopokea fakture mbili za namna hiyo kila mwezi, na kuchelewa kila mara, inatoa dola 2,400 kwa mwaka bila kuona zimetoka wapi, kwa sababu hazikuandikwa popote kama hasara. Zilikuwa ndani ya bei.

Kwa nini muuzaji atoe punguzo kubwa hivyo? Kwa sababu naye ana deni mbele yake. Anayeuza jumla Bujumbura, Kigoma au Kalemie anatafuta makuta ya kurudi kununua, na anajua deni la siku 30 huku kwetu linaweza kugeuka deni la siku 90. Asilimia 2 anayoacha ni bei ya kulala bila kupiga simu za kudai.

Siku 10 zinaanza lini?

Hapa ndipo Uvira inapotofautiana na mifano ya vitabu vya shule. Mji unaishi kwa ziwa na kwa barabara. Mizigo inashuka bandarini Kalundu, inapita mpakani Kavimvira, au inakuja kwa barabara ya kitaifa namba 5. Fakture iliyoandikwa Kigoma tarehe 3 inaweza kufika pamoja na mzigo tarehe 9. Upepo ukichafua ziwa, inafika tarehe 12. Ongeza siku za DGDA na za OCC, na siku 10 za punguzo zimeisha mbele ya bati la kwanza kuingia ndani ya depo.

Kwa hiyo sharti la kuzungumza na muuzaji si asilimia pekee. Ni siku ya kuanzia. Muuzaji anayemjua mteja wake anaweza kukubali kwamba siku 10 zihesabiwe kutoka siku mzigo ulipopokelewa, yaani tarehe iliyo kwenye bordero ya kupokelea iliyotiwa sahihi na pande zote mbili. Lakini hilo liandikwe juu ya fakture yenyewe. Makubaliano ya mdomo kando ya boti, mmoja akiwa anahesabu magunia, hayana nguvu mwezi unaofuata.

Programu haijui chochote kuhusu boti. Inajua tarehe iliyoandikwa ndani yake. Ukiingiza fakture ya muuzaji, kuna mahali pa tarehe ya fakture na mahali pa masharti ya kulipa. Programu inajumlisha siku na kutoa tarehe mbili, ile ya mwisho ya punguzo na ile ya mwisho ya deni. Kosa la kawaida ni mwandishi kuacha tarehe ya siku anayoandika, kwa sababu ndiyo komputa inayoileta yenyewe. Fakture ya tarehe 3 ikiandikwa tarehe 11, programu itaonyesha kwamba punguzo liko wazi mpaka tarehe 21. Mwenye depo anatuma dola 4,900 tarehe 18 akiwa na moyo mweupe. Muuzaji anakataa punguzo, anadai dola 100 zilizobaki, na maneno yanaanza kati ya watu waliokuwa wanaaminiana. Pale ambapo pande mbili zimekubaliana kuhesabu kutoka siku ya kupokea mzigo, basi tarehe hiyo ndiyo iongoze masharti ndani ya programu, na bordero ifungwe pamoja na fakture katika faili.

Masharti yenyewe yanawekwa mara moja tu, kwenye karatasi ya kila muuzaji ndani ya programu. Karibu programu zote kubwa zinazotumika katika ukanda huu zinajua kitu hiki. QuickBooks ya kufunga kwenye komputa ina sharti la asilimia 2 kwa siku 10 likiwa tayari ndani yake, na dirisha lake la kulipa linaweza kupanga fakture kwa tarehe ya punguzo badala ya tarehe ya deni. Odoo iliingiza punguzo la kulipa mapema ndani ya masharti ya malipo katika toleo la 16. Sage nayo inajulikana na wahasibu waliosoma kwa Kifaransa. Asiye na programu anaweza kuchora kolona moja zaidi katika Excel au hata katika kaye ya kawaida: «tarehe ya mwisho ya punguzo». Kolona hiyo, ikitazamwa kila Jumatatu asubuhi, inafanya sehemu kubwa ya kazi. Na haizimiki umeme ukikatika.

Dola 100 zinaandikwa wapi

Tuseme mwenye depo amelipa kwa wakati. Ametoa 4,900, lakini deni lilikuwa 5,000. Mwandishi akiingiza malipo ya 4,900 bila kugusa sehemu ya punguzo, programu itafanya kile ilichoambiwa: itapunguza 4,900 na kuacha dola 100 wazi kwa jina la muuzaji. Fakture haifungwi. Mwezi ukiisha, orodha ya madeni inaonyesha 100 hapa, 60 pale, 35 kule, na hakuna anayekumbuka ni za nini. Baadhi zinalipwa mara ya pili, kwa sababu aliyepokea kazi kutoka kwa mwandishi wa kwanza ameona deni na ameogopa kuharibu jina la duka.

Katika dirisha la kulipa kuna mahali pa kutia punguzo pamoja na akaunti yake. Programu nyingi zinapendekeza kiasi, lakini haziliingizi mpaka mtu akubali, isipokuwa kama mpangilio wa kulichukua lenyewe uliwashwa tangu mwanzo. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na tangu 2014 mfumo wa SYSCOHADA umechukua nafasi ya ule mpango wa hesabu wa mwaka 1976 ambao wazee wa kazi bado wanaukumbuka. Ndani ya SYSCOHADA mambo yako hivi: akaunti 401, ya wauzaji, inapungua kwa dola 5,000 zote, kasa au benki inatoa 4,900, na dola 100 zinaingia akaunti 773, escompte iliyopatikana. Kwa muuzaji, dola hizo hizo 100 zinakaa katika 673.

Watu wengi wanachanganya hiyo 773 na punguzo la biashara, lile la kununua gunia mia moja na kutolewa bei, ambalo linashusha bei ya mzigo wenyewe. SYSCOHADA inazitenga, na si kwa kupenda karatasi. Mwenye duka akihesabu dola 100 kama mzigo umekuwa rahisi, atashusha bei ya bati lake ili awashinde majirani. Mwezi unaofuata makuta yanamkosa, analipa siku ya 30 bila punguzo, na bei yake sokoni bado ni ile ya chini. Alichopata mara ya kwanza kilikuwa malipo ya kuwa na pesa tayari. Mabati yalikuwa na bei ile ile.

Biashara ndogo zaidi zinaruhusiwa na SYSCOHADA kutumia mfumo mwepesi wa makuta yanayoingia na yanayotoka. Huko zinaandikwa 4,900 zilizotoka, basi. Faida yake ni wepesi. Ubaya wake ni kwamba hakuna mahali panapoonyesha punguzo ngapi zimepatikana na ngapi zimekimbia.

Yuko pia mgeni anayeitwa TVA, asilimia 16, aliyeingia Kongo mwaka 2012. Fakture ikiwa na TVA ndani yake, punguzo linaleta swali: kodi nayo inapungua au inabaki? Odoo inauliza swali hilo waziwazi wakati wa kuweka masharti, na majibu yake ni matatu. Kijana wa komputa asilijibu peke yake kwa kubonyeza lolote. Ni kazi ya mhasibu, na kitu cha kwanza atakachotaka ni karatasi kutoka kwa muuzaji, ile nota ya krediti inayoonyesha kiasi kilichoondolewa. Vilevile, asilimia 2 inahesabiwa juu ya bei ya mzigo. Kama muuzaji ameweka usafiri wa boti katika fakture hiyo hiyo, programu itakata asilimia 2 juu ya vyote isipoambiwa vingine, na muuzaji hatakubali.

Mfuko wa tatu

Kuna sababu nyingine ya kuliandika punguzo vizuri, na wenye maduka hawapendi kuisema kwa sauti. Aliyetumwa kulipa anapeleka 4,900, anarudi na kuandika 5,000. Fakture inafungwa vizuri kabisa. Muuzaji ameridhika, komputa imeridhika, kasa inalingana. Dola 100 zimebaki njiani, kati ya Kalundu na duka.

Wizi wa namna hii ni mgumu kuonekana kwa sababu hakuna kinachopungua mbele ya macho. Dawa yake haihitaji programu ya bei kubwa. Anayeingiza fakture asiwe yule anayepeleka makuta. Risiti ya muuzaji irudi ikiwa na kiasi kilichopokelewa kwa tarakimu na kwa maneno. Na mara moja kwa mwezi mwenye duka achukue orodha ya fakture zenye masharti ya punguzo, aziweke kando ya akaunti 773, aone zipi zimepata na zipi hazikupata. Muuzaji anayejulikana kwa kutoa asilimia 2, ambaye kwa miezi mitatu haonekani hata mara moja katika 773 ingawa analipwa mapema, anastahili simu moja kutoka kwa mwenye duka mwenyewe.

Wakati wa kuliacha punguzo

Yote haya hayana maana kwamba kila punguzo lichukuliwe. Kwa duka la Uvira, mara nyingine kuliacha ndiyo hesabu nzuri.

Anza na mkopo. Asilimia 2 kwa siku 20 ni kama asilimia 3 kwa mwezi. Mwenye depo akikopa dola 4,900 kwa asilimia 3 kwa mwezi ili awahi tarehe 13, riba ya siku 20 ni dola 98. Amepata dola 2, na hajahesabu gharama za faili wala muda wa kukaa kwenye foleni. Akikopa kwa Benki Lambert, wale wakopeshaji wa mtaani ambao kila Mkongomani anawajua, kwa asilimia 10 kwa mwezi, riba ya mwezi ni dola 490 ili aokoe 100. Punguzo la kulipa mapema linafaa kwa makuta ambayo tayari yapo na yamelala.

Kisha kuna mzigo unaokimbia. Mama anayeuza unga, sukari na mafuta ya kupikia anaweza kuzungusha dola zake ndani ya siku 20 na kupata faida ya asilimia 6 au 8. Kwake, kulipa siku ya 10 ni kusimamisha pesa inayofanya kazi. Mwenye mabati, ambayo yanaweza kukaa depoti miezi miwili, yuko katika hali tofauti kabisa. Swali la kuuliza ni hili: makuta haya yasipokwenda kwa muuzaji, wiki tatu zijazo yatakuwa wapi? Kama jibu ni «ndani ya sanduku», basi yaende. Programu haiwezi kulijibu kwa niaba ya mtu, hata ikipanga fakture kwa rangi nyekundu.

Halafu kuna usalama. Tangu Januari 2025 benki za Goma zilifungwa, na za Bukavu zikafuata Februari, M23 ilipoichukua miji hiyo. Wafanyabiashara waliokuwa na pesa katika akaunti za huko walijikuta nazo kwenye karatasi tu. Desemba 2025 vita vilifika Uvira penyewe. Na hata mbele ya vita, wenye maduka ya Mulongwe wanakumbuka Aprili 2020, mto ulipofurika, ukaua makumi ya watu na kusomba nyumba na mali. Bidhaa iliyopelekwa na maji haifuti fakture. Mtu aliyepitia hayo akiamua kubaki na pesa mkononi siku 20 zaidi, hajui hesabu vibaya; ameweka bei juu ya hatari ambayo fakture haiitaji.

Kutokana na hatari hiyo, kuna mpaka mmoja ambao usivukwe kwa jina la punguzo. Escompte ni ya mzigo uliokwisha kupokelewa. Muuzaji anayetaka alipwe mapema wakati mzigo bado uko ng'ambo ya ziwa anaomba avansi, hata kama juu ya karatasi ameandika punguzo. Programu inazitenga pia: avansi inakaa kama deni la muuzaji kwa duka mpaka mzigo ufike. Asilimia 2 ni malipo madogo mno kwa mtu anayebeba hatari ya boti, ya mpaka na ya barabara peke yake.

Kwa wafanyabiashara Waislamu, ambao si wachache kandokando ya ziwa, swali la punguzo lina upande mwingine. Wanazuoni wamejadili kwa karne nyingi kama kupunguza deni kwa sababu ya kulipa haraka kunafanana na riba. Mwaka 1992 Chuo cha Kimataifa cha Fiqhi, chenye makao Jedda, kilisema inaruhusiwa mdai kupunguza deni la anayelipa mapema, mradi isiwe imekubaliwa tangu mwanzo na mambo yabaki kati ya hao wawili. Kwa maneno ya dukani, mdai anayesamehe dola 100 kwa hiari yake siku ya kulipwa anaingia ndani ya uamuzi huo. Mstari wa 2/10 ulioandikwa juu ya fakture tangu siku ya kwanza ni jambo jingine, na wengine wanaona afadhali kuuliza kwanza. Punguzo la hiari bado linaweza kuandikwa katika 773, kwa mkono, bila kuweka masharti ndani ya programu.

Linabaki suala la franga. Fakture nyingi za jumla ni za dola, kasa ya duka ina dola na franga za Kongo zikichanganyika, mara na franga za Burundi, na vitabu vya sheria vinaandikwa kwa franga za Kongo. Kati ya siku fakture ilipoingia na siku ilipolipwa, bei ya dola inaweza kusogea kuliko asilimia 2 yenyewe. Miezi ya mwisho ya 2025 ilionyesha hivyo, franga ilipopanda kwa haraka mbele ya dola: aliyekuwa na franga na deni la dola, akangoja, alipata zaidi ya punguzo, aliyekuwa na dola aliona thamani yake kwa franga ikishuka. Mwaka mwingine inakuwa kinyume. Programu yenye fedha mbili inatenga vitu hivyo, punguzo katika 773 na tofauti ya kubadilisha katika akaunti yake, mradi kiwango cha siku kiwe kimeandikwa. Ndiyo sababu baadhi ya wahasibu wanadai kwamba risiti ya muuzaji aliyelipwa kwa franga ibebe vitu vitatu: kiasi kwa franga, kiasi kwa dola, na kiwango kilichotumika siku ile. Risiti isiyo na kiwango inarudishwa dirishani siku hiyo hiyo, mbele ya aliyeitoa kuondoka.